Tamthilia za Kikorea za wauaji wa mfululizo: ni nini hasa kinachotugandisha kwenye kiti?

KalamuNyeusi

Wakuu, salaam. Swali hili ni kwa wanaozijua tamthilia hizi kwa undani, hasa wanaoandika miswada au wanaozichambua episodi kwa episodi.

Tamthilia ya Kikorea ya kawaida ya muuaji wa mfululizo ina episodi 16, kila moja saa nzima na ushei. Hizo ni zaidi ya saa 16 za kumkimbiza mtu mmoja. Filamu ya saa mbili inaweza kuishi kwa fumbo la "nani kaua", lakini saa 16? Zipo zinazoweza: unaanza jioni, ukija kushtuka kumekucha. Zipo pia zinazoanza kwa kishindo, zikifika episodi ya kumi zimeshazima na unamalizia kwa sababu tu ulishaanza.

Nataka kujua fundi anafanya nini pale. Muuaji afichuliwe mapema au afichwe? Kwa nini nyingi zinarudi miaka ya 1980 na 1990? Na kinachoziua katikati ni nini? Naomba majibu yenye vipimo, si "waigizaji wako vizuri". Mifano itafichua siri za hadithi, kwa hiyo asiyetaka kuharibiwa uhondo asome kwa tahadhari.

FundiMuswada

Mkuu, chora jedwali la safu tatu: mtazamaji, mpelelezi, muuaji. Kwa kila onyesho zito, andika nani anajua nini. Safu zote tatu zikilingana, onyesho limekufa, hata mvua inyeshe vipi. Moyo unadunda pale penye pengo, na kazi ya mwandishi ni kulihamisha pengo hilo kila baada ya episodi mbili tatu, kabla mtazamaji hajalizoea. Ukishalijua hili, suala la afichwe au afichuliwe linakuwa la hesabu tu: pengo ulilochagua litabeba saa ngapi?

Chukua Strangers from Hell (kituo cha televisheni cha OCN, 2019). Kijana anapanga chumba kwenye goshiwon, yale majengo yenye vyumba vya bei rahisi ambamo kitanda na meza vikishaingia nafasi imekwisha, na ukuta ni mwembamba hata kikohozi cha jirani unakisikia. Mtazamaji anajua mapema kwamba majirani wanaua. Mpangaji hajui. Hapo hakuna fumbo lolote; kuna mtu anayeoga, anayelala, anayefungua jokofu la pamoja, na wewe unajua yuko na nani. Pengo la namna hii linamchosha mtu haraka, ndiyo maana walitengeneza episodi 10 na kufunga. Lingevutwa hadi 16 lingekatika.

Flower of Evil (tvN, 2020) ina 16, na inazibeba kwa sababu pengo linahama. Mke ni mpelelezi wa polisi, mume anaishi kwa jina lisilo lake, na upelelezi wa mke unamrudisha hatua kwa hatua kwenye nyumba yake mwenyewe. Mwanzoni mtazamaji anajua asichokijua mke. Baadaye mke anagundua, na mume hajui kwamba mwenzake ameshagundua. Watu walewale, chakula kilekile mezani, lakini anayemwogopa mwenzake amebadilika.

Halafu kuna Beyond Evil (JTBC, 2021), ambayo kwangu ndiyo shule yenyewe. Ilipewa tuzo ya tamthilia bora ya Baeksang, tuzo kubwa za sanaa za Korea, mwaka huohuo, na ilistahili. Ncha za vidole vya msichana zinakutwa zimepangwa mbele ya duka katika mji mdogo. Kisha tunaonyeshwa aliyezipanga: ni steringi, polisi wa mji huo. Alizipanga kweli, wala mwandishi hakudanganya. Ila sababu yake tunaipata baadaye, na ikifika inageuza kila kitu. Shika kanuni hiyo: picha iwe ya kweli, maana yake ndiyo ipinduke. Ukimwonyesha mtazamaji jambo ambalo halikutokea, mara ya kwanza atakusamehe, ya pili anazima.

Sheria_na_Skrini

Nijibu la miaka ya 1980. Jibu lake lina jina: Hwaseong, mkoa wa Gyeonggi, kusini mwa Seoul. Kati ya 1986 na 1991 wanawake na wasichana 10 waliuawa katika eneo lile la mashamba na vijiji. Wakati huo kosa la kuua lilikuwa na ukomo wa miaka 15. Ikipita, hakuna kumshtaki mtu. Mauaji ya mwisho yalikuwa Aprili 1991, ukomo wake ukafika Aprili 2006. Mwaka 2019 vinasaba vilimwonyesha mtu aliyekuwa tayari gerezani Busan, akitumikia kifungo cha maisha kwa kumuua mdogo wa mkewe mwaka 1994. Alikiri mauaji 14, na sheria haikuwa na njia ya kumshtaki kwa hayo.

Jamii nzima iliishi miaka ikijua kwamba muuaji yupo, anazeeka, na saa inamhesabia kuelekea uhuru. Ndiyo maana ukomo wa mashtaka umekuwa saa ya ukutani ya tamthilia hizi. Signal (tvN, 2016), muswada wa Kim Eun-hee, imejengwa juu yake: redio ya upepo inaita saa 5:23 usiku na kuwaunganisha polisi aliye miaka ya nyuma na mchambuzi wa tabia za wahalifu aliye mwaka 2015. Kesi ya kwanza ni ya mtoto aliyetekwa miaka 15 nyuma. Mtuhumiwa yuko chumba cha mahojiano na saa 6 usiku inakaribia. Hakuna anayekimbia, hakuna anayepigana. Kuna meza, mwanamke aliyetulia, na mshale wa dakika.

Sasa tahadhari kwa anayeandika. Desemba 2007 ukomo uliongezwa kutoka miaka 15 hadi 25 kwa makosa ya tangu wakati huo. Mwaka 2015 ukafutwa kabisa kwa mauaji, hata ya zamani, mradi muda wake ulikuwa haujaisha. Kwa hesabu ya kawaida, mauaji ya kuanzia Agosti 2000 hayana ukomo tena. Ukiandika mauaji ya 2003, halafu polisi wanakimbizana na ukomo mwaka 2018, hadithi nzima imeanguka. Saa hiyo inafanya kazi kwa mauaji ya zamani tu. Kwa mapya, tafuta saa nyingine.

Nyingine ipo, tena nzuri. Mtuhumiwa akishakamatwa, ombi la hati ya kumweka mahabusu lazima lifike kwa hakimu ndani ya saa 48. Polisi hawaliombi wenyewe. Linapitia kwa mwendesha mashtaka, na yeye anaweza kulikataa. Likipita, polisi wanakaa naye hadi siku 10, kisha mwendesha mashtaka siku 10, zinazoweza kuongezwa 10 nyingine. Saa 48 zinatosha episodi mbili zilizojaa. Zingatia kwamba mpinzani wa mpelelezi katika saa hizo ni mwendesha mashtaka anayedai ushahidi zaidi, wala si mbaya. Migogoro mingi inayoonekana ya kubuni kati ya ofisi hizi mbili imetoka kwenye sheria yenyewe.

Jambo jingine linalowaangusha waandishi ni maiti isiyotambulika. Korea Kusini kila raia akifikisha miaka 17 anasajiliwa alama za vidole vyote kumi. Maiti ya mtu mzima yenye vidole vizima inapata jina upesi. Kwa hiyo ukitaka polisi wasimjue marehemu, lazima useme kwa nini: ni mtoto, ni mgeni asiye na vibali, mwili umebaki mifupa, au ncha za vidole hazipo. Rudi sasa kwa vile vidole vya Beyond Evil, na umtazame mwanamke mhamiaji asiye na vibali aliyemo humo, ambaye hakuna anayemtafuta. Hapo utaona mwandishi alikuwa anazijua taratibu za nchi yake.

Kamera nazo. Barabarani ziko tele, na magari mengi yana kamera yake kwenye kioo cha mbele, inayorekodi hata likiwa limeegeshwa. Muuaji wa leo mjini Seoul anayetembea mtaani bila mwandishi kueleza kamera amezikwepaje hana uzito. Mwaka 1988 hilo halikuwa tatizo, na hiyo ni sababu ya pili ya watunzi kurudi nyuma: tope, tochi, nyayo zilizokanyagwa na watu kabla mtaalamu hajafika, na maabara ambayo vinasaba bado haijavijua.

SautiKwanza

Wenzangu wameeleza mifupa ya hadithi. Niseme juu ya ngozi yake, maana mtu anashikwa na sikio kabla ya akili.

Kwenye televisheni ya Korea, kisu katika onyesho la ukatili hufunikwa kwa ukungu, na sigara vilevile. Kwenye majukwaa ya intaneti ukungu huo haupo. Waongozaji waliokulia kwenye televisheni walilazimika kujifunza kutisha bila kuonyesha, na ujuzi huo ndio unaozitofautisha kazi zao hadi leo. Angalia vitu viwili vya nyumba za ghorofa za Kikorea wanavyovitumia. Cha kwanza ni kufuli la namba mlangoni: kila tarakimu ikibonyezwa inatoa mlio, ukikosea linatoa mlio wa kukataa. Mwanamke yuko jikoni, anasikia mlio, mlio, mlio, mlio, kisha ule wa kukataa. Kimya. Kisha yanaanza upya, safari hii taratibu zaidi. Cha pili ni taa ya ukumbini mnapovuliwa viatu: inawaka yenyewe ikihisi mtu, inazimika baada ya sekunde kadhaa. Kamera iko chumbani, mlango uko wazi kidogo, na kule mwisho wa korido taa inawaka. Hakuna tone la damu. Kinachokosewa mara nyingi ni kupachika muziki juu yake. Muziki unamwambia mtazamaji ogopa sasa, naye anapata pa kujishika. Uache mlio wa kufuli peke yake.

La pili ni silaha. Raia hamiliki bunduki nyumbani. Hata za kuwindia hutunzwa kituo cha polisi. Kwa hiyo muuaji ana nyundo, kamba, kisu, mikono, na lazima asogee hadi pumzi zikutane. Polisi naye anakimbia kwa miguu kwenye vichochoro vya kupanda na kushuka, anachoka, anateleza. Mkimbizano wa dakika nne wa watu wawili wanaohema unazidi risasi mia, kwa sababu kila kona inaweza kuumaliza.

La tatu linapotea kwenye tafsiri, na linaniuma sana. Kikorea kina daraja za heshima katika kitenzi chenyewe. Mtuhumiwa mpole anamjibu mpelelezi kwa miisho ya heshima sentensi baada ya sentensi. Kamera ya mahojiano ikizimwa, au mpelelezi akitaja jina fulani, anadondosha ile heshima na kusema naye kama anavyosema na mtoto. Maneno yanaweza kuwa yaleyale. Msomaji wa tafsiri anaona "unasemaje?" mara mbili, Mkorea amesikia barakoa ikivuliwa. Anayezifasiri kwa Kiswahili ana vifaa vya kuokoa jambo hili: mwanzo "afande, sikukuelewa, samahani", baadaye "wewe, unasemaje?". Asipofanya hivyo, onyesho zito kuliko yote linapita kama maji.

Na mwisho wa episodi. Tamthilia za televisheni hutoka mbili kwa wiki, siku mbili mfululizo, kwa hiyo 16 ni wiki nane. Episodi ya witiri inamwacha mtazamaji siku moja tu: inatosha kumwachia mlango ulio wazi nusu. Ya shufwa inamwacha siku sita, na lazima impe kitu cha kubishana na wenzake wiki nzima. Si hatari tu bali taarifa mpya inayogeuza alichokiamini. Zitazame tena kwa jicho hilo utaona uzito wa 2, 4, 6 na 8. Zinazotoka zote kwa siku moja kwenye jukwaa la intaneti hazina siku sita hizo, na mwandishi akiiga mpangilio uleule unahisi anakuvuta shati kila saa bila sababu.

KalamuNyeusi

Nashukuru sana, hasa hilo la kufuli na la daraja za heshima. Jedwali la safu tatu nimelielewa. Bado sijapata kinachoua episodi ya kumi. Muuaji akishajulikana, si pengo limefungwa?

DadaMchambuzi

KalamuNyeusi, linafungwa kama ulikuwa na deni moja tu kwa mtazamaji. Zinazofika salama zinakopa madeni mawili tangu mwanzo. La kwanza ni nani aliua. La pili ni nani alijua na akanyamaza. La kwanza linalipwa katikati, la pili linabeba nusu iliyobaki. Beyond Evil inamkamata muuaji na kumpoteza akiwa mikononi mwa polisi wakati safari bado ni nusu, na haizimi, kwa sababu kifo kimoja kati ya vile hakikai sawa kwenye maungamo yake. Kuanzia hapo mji wenyewe ndio unaochunguzwa: mwanasiasa, mfanyabiashara, mkuu wa polisi.

Wengine wanaiga hili kwa kubandika tajiri mla rushwa kwenye episodi ya kumi na moja, na hapo ndipo wanapozama. Aliyenyamaza lazima awe ameonekana mapema, amekaa meza moja na steringi, ametenda wema. Deni la pili haliwezi kukopwa kwa mtu ambaye mtazamaji hajawahi kumwona.

Na hili si la kubuni. Katika mauaji ya nane ya Hwaseong, ya 1988, alifungwa mtu asiye na hatia. Alikaa gerezani miaka 20, na mahakama ilimsafisha Desemba 2020, baada ya muuaji halisi kukiri. Alikuwa ameungama kwa kunyimwa usingizi. Ukilijua hilo unaelewa kwa nini onyesho la mtuhumiwa anayetia sahihi maungamo linamtisha Mkorea kuliko maiti.

Ugonjwa mwingine ni muuaji anayeweza yote. Yuko kila mahali, ameshatabiri kila kitu, ana chumba cha siri chenye skrini kumi. Dawa yake ni ratiba. Mwandikie siku yake yote: anafanya kazi wapi, anatoka saa ngapi, gari lake ni lipi, kutoka kazini hadi eneo la tukio ni dakika ngapi, anafua wapi nguo. Ratiba ikibana, ataanza kukosea, na kosa linalotokana na uchovu au majivuno yake linampa mpelelezi ushindi wa haki. Ushindi wa bahati, kama simu iliyodondoka, mtazamaji anaukataa hata akikaa kimya.

Kuna pia maelezo ya utotoni, dakika 40 za kipigo cha baba na paka aliyekufa. Mouse (tvN, 2021, episodi 20) ilifanya kuzaliwa na tabia hiyo kuwa swali lenyewe, kwa kipimo cha vinasaba kabla mtoto hajazaliwa, kwa hiyo ina haki ya kukaa hapo muda mrefu. Kwingine ni njia ya mkato. Through the Darkness (SBS, 2022), iliyotokana na kitabu cha Kwon Il-yong, mchambuzi wa kwanza wa tabia za wahalifu katika polisi ya Korea, ina episodi 12 na mengi yake ni watu walioketi wakizungumza. Muuaji anaulizwa alivaa viatu gani, kwa nini alichagua mlango ule na si wa jirani. Majibu madogo, ya kawaida, na ndiyo yanayogandisha damu.

Lakini niseme kinachoua kuliko vyote, na hapa sitalegeza: marehemu kuwa namba. Mwathirika wa nne, wa tano, wa sita, picha ubaoni. Mtazamaji hawezi kuogopa kwa niaba ya namba. Katika Signal yupo polisi kijana aliyempenda mwanamke mmoja, na mwanamke yule akauawa katika kesi iliyochorwa kwa mfano wa Hwaseong. Baadaye polisi anapata tiketi mbili za sinema ambazo mwanamke yule alikuwa amewawekea. Anaenda peke yake. Filamu ni ya kuchekesha, ukumbi mzima unacheka, na yeye ameinama katikati yao analia. Hakuna muuaji katika onyesho lile, lakini baada yake unataka akamatwe kuliko ulivyotaka saa tatu nzima zilizotangulia.

Kwa vitendo, kila mwathirika mpe jambo moja alilokuwa nalo mkononi na ambalo halikukamilika, kisha jambo hilo lifike kwa mtu aliyebaki hai. Onyesho la dakika tatu linatosha. Liweke kabla ya kifo kwa mmoja, baada ya kifo kwa mwingine, lisije likawa dalili kwamba huyu anakufa leo.

Sheria_na_Skrini

Dada yuko sahihi, na niongeze utaratibu mmoja wa Korea unaounganisha hayo yote, hasa kwa yule anayehangaikia katikati ya mfululizo. Polisi wanaweza kumrudisha mtuhumiwa eneo la tukio aonyeshe alivyofanya. Amevaa kofia na barakoa, mikono imefungwa, askari wamemzunguka, na marehemu anawakilishwa na mwanasesere. Katika tamthilia, majirani na ndugu husimama nyuma ya utepe.

Liandike kwa mpangilio huu: mtuhumiwa anafuata maelekezo vizuri, anasimama hapa, anageuka pale. Halafu anasita, kwa sababu maelezo aliyotia sahihi yanasema mlango wa kushoto na nyumba ile haina mlango wa kushoto. Mpelelezi mmoja tu analiona. Mama wa marehemu, kule nyuma ya utepe, anamtazama mwanasesere na kuuliza mbona amevalishwa koti, binti yake siku hiyo alitoka bila koti.

Hapo safu zako tatu zimepangwa upya, na hujamwaga damu wala kumleta mtu mpya. Kata episodi kwenye swali la mama.